Kibaba chenye tundu: dereva, konda na mazoezi yasiyowekeka akiba

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii watakumbuka pale nilipomtaja baba yangu na jezi yake ya zamani, halafu tukakatiza kwa sababu muda ulikuwa umetuishia. Mmeandika mkitaka kisa chote. Basi hiki hapa, ila itabidi mnivumilie, maana njia yake inapitia kwenye mabasi ya London ya mwaka 1949, bandari ya San Francisco na redio za Japani kabla ya kurudi sebuleni kwetu.

Mambo yalikuwa hivi. Baba kazaliwa Tanga. Shuleni walikimbizwa mchakamchaka kila asubuhi, jioni mpira, namba saba, na ukimpa nafasi atakueleza bao moja moja. Alipofika London aliingia kwenye teksi, na kwa miaka zaidi ya ishirini amekaa nyuma ya usukani, saa kumi, siku nyingine kumi na mbili. Mwaka jana daktari akamwambia sukari iko mpakani na presha imepanda, aanze kutembea kila siku. Baba akarudi nyumbani, akavua viatu, akakaa, akasema: "Mimi nimecheza mpira tangu mtoto mpaka nina miaka thelathini. Mwili wangu una akiba."

Mama akacheka. Mimi nikanyamaza. Kwanza kwa sababu baba hajibishwi hivyo, pili kwa sababu, kusema kweli, sikujua kama amekosea. Labda akiba ipo. Mtu aliyekimbia miaka ishirini si lazima kitu kibaki? Si tumelelewa na methali ya haba na haba hujaza kibaba?

Nikaenda kutafuta. Kumbe swali la baba limeshaulizwa zamani, tena kwa maelfu ya watu, na utafutaji wa jibu lake ulianza kwa madereva wenzake wa London.

Dereva amekaa, konda anapanda

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Uingereza walikuwa na kitendawili. Magonjwa ya kuambukiza yaliyowamaliza babu zao yalikuwa yanapungua, lakini wanaume wa makamo walikuwa wanaanguka kwa mshtuko wa moyo, na kila mwaka wanazidi. Leo ukimuuliza mtu yeyote kwenye foleni atakutajia sababu: sigara, mafuta, presha, kukaa sana. Wakati ule hakuna aliyekuwa na uhakika. Hata sigara ilikuwa ndo kwanza inaanza kuhusishwa na saratani ya mapafu.

Mmoja wa walioshika kitendawili hicho alikuwa daktari anayeitwa Jerry Morris. Alikuwa ametoka kuhudumu kama daktari wa jeshi India na Burma, na mwaka 1948 akapewa kuongoza kitengo kipya cha utafiti wa afya ya jamii. Wazo lake lilikuwa rahisi kulisema: huenda kazi anayofanya mtu ina uhusiano na moyo wake. Ugumu ulikuwa kupata watu wa kulinganisha. Ukimlinganisha mkulima na mwanasheria, wanatofautiana kwa chakula, kipato, nyumba, hewa, kila kitu. Ukiona tofauti kwenye moyo, utasema imetoka wapi?

Jibu alilipata barabarani. Mabasi ya London ya ghorofa mbili wakati ule yalikuwa na watu wawili wa kazi. Mbele, kwenye kijichumba chake peke yake, alikaa dereva. Nyuma alikuwepo konda, anayekata tiketi chini, anapanda ngazi kukata tiketi juu, anashuka kuangalia wanaopanda, anapanda tena. Wote waliajiriwa na shirika moja, waliishi mitaa ileile, mishahara haikupishana sana, na ukoo wao ulikuwa mmoja kimaisha. Tofauti kubwa ilikuwa miguu. Dereva alikuwa amekaa karibu asilimia 90 ya zamu yake. Konda alikuwa anapanda vipandio kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi.

Morris na wenzake wakakusanya rekodi za ugonjwa na vifo za wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wenye umri wa miaka 35 hadi 64, kwa mwaka 1949 na 1950. Matokeo yakawashtua wenyewe. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Waliopata, waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi, na hawakufa haraka kama madereva.

Sasa, ungekuwa wewe ungekimbilia magazetini. Morris hakukimbia. Alijiambia huenda ni bahati tu, au dereva anaumia kwa presha ya barabara, siyo kwa kukaa. Akaenda kutafuta kundi jingine lisilohusika na magari: watu wa posta. Wanaogawa barua kwa miguu na baiskeli aliwalinganisha na makarani na waunganisha simu waliokaa ofisini. Picha ikatoka ileile. Ndipo, Novemba 1953, wakachapisha kwenye jarida la tiba la The Lancet.

Kuna kipande kimoja cha utafiti huu ninachokipenda kuliko vyote. Watu waliuliza swali la haki: je, kama wanene ndio wanaochagua udereva? Hapo ugonjwa ungekuwa umeingia nao kazini. Shirika la mabasi lilikuwa linawashonea wafanyakazi sare, kwa hiyo vipimo vya viuno vya suruali vyote vilikuwepo kwenye makabati. Mwaka 1956 kina Morris wakachapisha uchunguzi wa suruali. Kweli, madereva walivaa viuno vipana kuliko makonda wa rika lao. Waulizaji walikuwa na hoja. Lakini walipochambua tena vifo vya ghafla, wakimweka mwembamba na mwembamba, mnene na mnene, konda bado alikuwa mbele. Unene ulieleza sehemu ya tofauti, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya ngazi.

Nilimsomea baba habari hii siku moja tukila. Akatafuna, akafikiri, akasema: "Kwa hiyo mimi ndo dereva." Nikasema ndiyo, baba. Akasema: "Na suruali wameipima." Tukacheka wote, halafu akaomba chai, tena yenye sukari.

Konda hakujua kama anafanya mazoezi

Kitu kilichonikaa kichwani baada ya kusoma haya ni kwamba yule konda hakuwa mtu wa mazoezi. Hakununua raba. Hakujiwekea nia mwezi wa Januari. Hakuna siku aliyoamka akajiambia leo sijisikii, ngazi nitapanda kesho. Tiketi zilikuwa juu, akapanda. Mwisho wa wiki akalipwa. Kama ungemwambia kuwa anajitunza moyo angedhani unamtania.

Na ukifikiri, watu wengi waliopita duniani waliishi kama konda. Bibi yangu kule Tanga hakuwa na neno la "ratiba ya mazoezi". Alikuwa na kisima, shamba, mtwangio na njia ya kwenda sokoni. Mwili ulifanya kazi kwa sababu kazi ilikuwa ya mwili. Sitaki kuipamba hali hiyo, maana kazi hiyohiyo iliwavunja watu migongo, na wengi walikufa kwa vitu ambavyo leo vinatibika kwa dawa za siku saba. Ila moyo wake haukukosa kazi.

Halafu ile kazi ikaanza kuondoka, nchi moja baada ya nyingine. Mfano mzuri ni bandari ya San Francisco. Mtafiti wa Kimarekani, Ralph Paffenbarger, aliwafuatilia makuli wa bandari hiyo kwa miaka 22, wanaume 6,351. Mwaka 1975 akaandika kwamba waliobeba na kusukuma mizigo mizito walikufa kidogo kwa ugonjwa wa moyo kuliko wenzao wa kazi nyepesi. Lakini angalia mwaka wenyewe. Wakati matokeo yanachapishwa, kontena na winchi zilikuwa zimeshaanza kuibadilisha kazi ya ukuli. Sayansi ilithibitisha faida ya kazi ile huku kazi yenyewe inafungasha virago.

Konda wa London naye yakamkuta. Mabasi ya zamani yenye mlango wa wazi nyuma yaliondolewa kwenye huduma ya kawaida Desemba 2005, njia ya mwisho ikiwa ile ya namba 159. Baada ya hapo dereva akabaki peke yake, na wewe unagusisha kadi. Kati ya wale wawili aliowalinganisha Morris, aliyebaki kazini ni yule aliyekuwa anaumwa.

Na sisi je? Wazazi wetu wengi walipokuja huku waliingia kwenye kazi za aina mbili. Wengine walisafisha, walibeba, waliuguza, walisimama kiwandani, hao walichoka kama makonda. Wengine waliingia kwenye teksi, malori, ulinzi wa kukaa getini. Halafu sisi watoto tukasoma ili tusifanye kazi za kuchosha. Tukafanikiwa. Mimi nakaa mbele ya kompyuta saa nane, nikitoka nakaa kwenye treni, nikifika nakaa kumwambia baba atembee.

Jumatatu asubuhi, makarani wa serikali

Morris aliiona hatari hiyo mapema. Kama kazi haitoi tena mazoezi, basi swali ni muda wa mapumziko: je, mtu anayekaa ofisini siku nzima anaweza kujinusuru kwa anachokifanya baada ya kazi? Kati ya mwaka 1968 na 1970 akawaendea watumishi wa serikali wa Uingereza, wanaume karibu 17,000 wa umri wa miaka 40 hadi 64, kazi zao zote za mezani. Mbinu yake ilikuwa ya kijanja. Jumatatu asubuhi, bila taarifa, wanapewa fomu: andika ulichofanya Ijumaa na Jumamosi iliyopita. Yaani hukuwa na nafasi ya kujiandaa kuwa mtu mwema.

Mwaka 1973 matokeo ya kwanza yakatoka. Waliofanya kitu cha nguvu mwishoni mwa wiki, kuogelea, kukimbia, kuchimba bustani kwa jasho, walipata mishtuko ya moyo michache kuliko wenzao. Basi hata karani anaweza kujijengea ngazi zake mwenyewe.

Lakini utafiti uliomgusa baba ni uliofuata. Kuanzia mwaka 1976 Morris aliwafuatilia watumishi wengine 9,376, wa miaka 45 hadi 64, kwa zaidi ya miaka tisa, na akachapisha mwaka 1990, yeye mwenyewe akiwa na miaka 80. Waliokuwa wanacheza michezo ya nguvu mara kwa mara walipata ugonjwa wa moyo chini ya nusu ya wengine. Halafu akawaangalia kina baba: wale waliocheza sana ujanani, wakaacha. Hawakuwa na kinga. Walikuwa sawa na wasiowahi kucheza.

Kule Marekani, Paffenbarger alikuwa ameshakutana na jambo hilohilo kwa njia nyingine. Aliwafuatilia wanaume 16,936 waliosoma Harvard, akiwa na kumbukumbu za chuo zinazoonyesha nani alichezea timu enzi za masomo. Alichochapisha mwaka 1978 kinaweza kumkatisha tamaa mchezaji yeyote mstaafu: nyota wa chuo aliyekaa kitako baada ya kumaliza hakubakiwa na faida ya unyota wake. Na aliyekuwa mvivu chuoni, akaja kuanza mazoezi ukubwani, alikuwa salama kuliko nyota huyo.

Kwa hiyo akiba haipo. Ile methali ni ya kweli kwa mchele na fedha, lakini kibaba cha mazoezi kina tundu chini. Unajaza, kinavuja. Ukiacha kujaza hakikuulizi mwaka jana ulitia kiasi gani.

Habari hii ina sura mbili, na mimi mwanzoni niliona moja tu. Niliona ubaya wake: miaka ishirini ya mpira wa baba imekwenda. Sura ya pili nilichelewa kuiona. Kama ya zamani hayakubebi, basi hayakufungi pia. Yule mvivu wa Harvard hakulipishwa uvivu wake. Mtu wa miaka sitini akianza leo, anaanza kujaza leo.

Ni haki kusema pia tafiti hizi zote nilizotaja ni za wanaume. Mama aligundua kabla yangu: "Na wake zao walikuwa wanapanda ngazi gani?" Ilichukua muda mrefu watafiti kuuliza hivyo. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard, ambaye alifanya kazi na Paffenbarger kwenye utafiti wa wahitimu, alichapisha matokeo ya wanawake 16,741 wa Marekani, wastani wa umri miaka 72, waliovaa kifaa cha kuhesabu hatua. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda mpaka kwenye hatua kama 7,500, kisha ikatulia.

Mnaona hapo hakuna elfu kumi. Ile elfu kumi inayotusumbua kwenye simu haikutoka maabara. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua na kukiita Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilikuwa tamu, likasafiri dunia nzima. Baba alipoambiwa na simu yake kwamba ana hatua 1,900 na amebakiza 8,100, aliifunika kifudifudi mezani. Simlaumu. Angeambiwa amebakiza 2,500 labda angevaa viatu.

Saa kumi na mbili na nusu

Basi kujua tunajua. Tabu ni kuendelea. Hapa ndipo nikajikuta Japani.

Tarehe 1 Novemba 1928 redio ya taifa ya Japani ilianza kurusha mazoezi mafupi ya viungo, yenye piano na sauti ya mtu anayehesabu. Walioyasukuma walikuwa watu wa bima ya maisha ya posta. Wazo waliliona Marekani, ambako kampuni ya bima nayo ilikuwa ikirusha mazoezi redioni. Inaingia akilini: bima inapata hasara mteja akifa mapema. Kila asubuhi watu walikusanyika uani, bustanini, kiwandani, wakanyoosha mikono kwa pamoja.

Siyo hadithi safi moja kwa moja. Wakati wa vita serikali iliyatumia mazoezi hayo kuwapanga raia kama askari, na baada ya Japani kushindwa yalisimamishwa kwa sababu Wamarekani waliokuwa wanaitawala hawakuyaamini. Yakarudi mwaka 1951. Na mpaka leo yapo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watoto wakati wa likizo ya kiangazi huenda na kadi shingoni, wakimaliza wanagongewa muhuri. Wazee wanaenda kila siku. Dakika chache tu, na ukimuuliza mtu kwa nini anaenda, huenda asitaje moyo kabisa. Anaenda kwa sababu jirani yupo, na asipoonekana ataulizwa.

Nilipomsimulia baba kuhusu Japani, hakushangaa hata kidogo. "Hiyo si mchakamchaka tu?" Na kweli. Waliosoma Tanzania mnajua: asubuhi mnapangwa mstari, mmoja anaimbisha, wengine mnaitikia, miguu inafuata wimbo. Hakuna mtoto aliyekuwa na ari yake binafsi ya kukimbia saa hiyo. Ulikimbia kwa sababu mstari unakimbia, na ukibaki nyuma utaonekana. Baba alikimbia miaka saba bila kukosa, na leo anashindwa kuzunguka bustani mara moja. Hajawa mtu mwingine. Mstari ndio umeondoka.

Hata lugha yetu inalijua jambo hili. Mazoezi yanatokana na kuzoea. Ni ndugu wa mazoea. Neno halisemi jasho wala uzito. Linasema kurudia mpaka kitu kiwe cha kwako. Sisi tuliokulia huku tumeyageuza kuwa suala la utashi: jimu ya kulipia kila mwezi, programu ya kwenye simu, na kujilaumu Jumapili usiku. Konda, mtoto wa mchakamchaka na bibi wa Kijapani hawakuhitaji utashi mwingi hivyo. Kila mmoja alikuwa na kitu nje yake kinachomwinua: tiketi, wimbo, jirani.

Mtoto wa mhamiaji

Kabla sijarudi nyumbani, kuna jambo kuhusu Jerry Morris sikulitaja, na nadhani wasikilizaji wetu ndio watakaolielewa vizuri. Alikuwa mmoja wetu. Simaanishi Mswahili. Namaanisha kizazi cha pili. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliokimbia Poland. Alizaliwa Liverpool mwaka 1910, miezi michache tu baada ya wao kufika, akakulia Glasgow katika umaskini.

Uzeeni alisimulia kwamba baba yake alikuwa na desturi ya kutoka naye kwenda kutembea, maili nne. Wakizimaliza ndani ya saa moja, mtoto ananunuliwa aiskrimu. Maili nne ni kama kilomita sita na nusu, kwa hiyo huo ulikuwa mwendo wa kukaza, siyo wa kutalii.

Tabia hiyo haikumtoka. Miaka ya 1960, akiwa amepita hamsini, alianza kukimbia pale Hampstead Heath, wakati ambapo mtu mzima kukimbia bila kufukuzwa lilikuwa jambo la kushangaza, na watu walimwona amerukwa na akili. Paffenbarger naye alianza kukimbia ana zaidi ya miaka arobaini, akaja kumaliza marathoni na mbio ndefu kuliko marathoni zaidi ya 150. Mwaka 1996 wawili hao walipewa pamoja tuzo ya Olimpiki ya sayansi ya michezo. Morris aliendelea na mazoezi na kazi mpaka karibu na mwisho, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Sisemi mazoezi yatakupa miaka 99. Wapo waliokimbia wakafa vijana, na daktari wako ndiye anayejua moyo wako unaweza nini kabla hujaanza kuruka. Lakini huwa namfikiria yule mzee wa Glasgow, mhamiaji asiye na kitu, anayemshika mtoto mkono na kukaza mwendo. Hakusoma utafiti wowote. Utafiti ulikuwa unatembea pembeni yake.

Mzee wa gorofa ya tatu

Na baba? Nilijaribu kila kitu nilichokisoma. Nikamnunulia raba nzuri, zikakaa kwenye boksi. Nikampangia ratiba, akaibandika kwenye friji na kuisifu. Nikamwomba tutembee wote jioni, lakini jioni ndio saa yake ya kazi na mimi ndio nimerudi nimechoka. Mara mbili tukaenda, ya tatu mvua, ikaishia hapo.

Aliyefanikiwa hakusoma chochote. Gorofa ya tatu kwenye jengo letu kuna mzee wa Kisomali, amestaafu, ameuza gari lake. Msikiti uko mwendo wa dakika ishirini na tano. Baba alikuwa anaenda kwa gari, akitafuta maegesho mpaka rakaa ya kwanza inampita. Siku moja akamkuta yule mzee njiani, akasimamisha gari ampe lifti. Mzee akakataa. Akasema yeye gari hapandi kwenda msikitini, kama unataka tufuatane shuka. Kumpita mtu mzima aliyekukaribisha kwa miguu, wewe uko kwenye gari, baba hakuweza. Akaegesha.

Kesho yake, kabla ya alasiri, kengele ya mlango ikalia. Imelia karibu kila siku tangu hapo. Alasiri ya huku inahama na jua, kipupwe ni mapema mchana, kiangazi ni jioni, kwa hiyo hakuna saa ya ukutani inayoweza kuwapangia. Kuna kengele tu. Kwenda dakika ishirini na tano, kurudi zaidi, kwa sababu wanapitia bustanini wakibishana siasa za nchi mbili.

Baba alisafiri Tanga wiki tatu mwezi wa nane. Aliporudi alipanda ngazi za kwetu akihema. Kibaba kilikuwa kimevuja, alikiri mwenyewe. Siku ya pili kengele ikalia, akatafuta viatu huku analalamika kuhusu uchovu wa safari. Zile raba ndizo anazovaa sasa.

Sukari yake bado iko mpakani. Daktari anasema haijapanda, presha imeshuka kidogo, tuendelee. Juzi nikamuuliza, kwa adabu, kama bado anaamini mwili wake una akiba ya mpira.

"Akiba ninayo," akasema. "Ila yule mzee atagonga sasa hivi, nipishe nivae viatu."

Kwenye kipindi kijacho tutasoma barua zenu. Tuandikieni: nyumbani kwenu, nani anamgongea nani mlango?